Jumatatu ya Mbuzi ya Nazi

Sahani ilirudi tupu.

Asiyekulia kwetu huenda asione ubaya wa jambo hilo. Sahani imeoshwa, imefutwa, imerudi kwa mwenyewe, kuna nini tena? Lakini kwetu Shella ya Malindi sahani ya jirani hairudi tupu. Hutiwa ndizi mbili, au konzi ya chumvi, au kikonyo cha rehani kilichochumwa uwani. Mtu akikosa kabisa hutia hata ndimu iliyokauka. Sahani tupu ni maneno, na maneno yenyewe ni haya: mimi na wewe basi.

Ilipita asubuhi, katika pengo la ua wa makuti uliotenga uwani kwetu na uwani kwa jirani. Pengo lile lilikuwa na upana wa sinia, na kingo zake zilikuwa zimelainika kwa mikono ya miaka mingi. Niliuona mkono tu, wenye bangili za kioo za kijani. Ukaiweka sahani juu ya kinu changu kilichopinduliwa, ukarudi zake.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Nilikuwa bibi arusi wa miezi minane, nimeletwa kutoka Mambrui nyumbani kwa mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, na hina ya pili ilikuwa haijanitoka vizuri mikononi. Mume wangu alikuwa mshonaji wa kanzu na kofia. Kutwa alikaa na cherehani yake barazani, na watu wake, na maneno yao. Mavyaa wangu alikuwa na funguo za nyumba na hakuwa na haja ya msaidizi. Mimi nilikuwa na jiko, na lile pengo.

Upande wa pili waliishi Banyani, mume mwenye duka la nguo na nafaka lililotazama njia, na mkewe aliyekaa nyuma na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mke huyo alinizidi miaka michache. Alikuwa ameletwa kutoka kwao Bara Hindi kama mimi nilivyoletwa kutoka Mambrui, ila safari yake ilikuwa ndefu zaidi na hakuna jamaa aliyekuja kumtazama. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hakina mapambo, kila neno limesimama peke yake. Niliposhikwa na homa mwezi wangu wa pili pale, nikawa sipati hata maji kukaa tumboni, yeye ndiye aliyenipitishia mseto mwepesi penye pengo: mchele kibaba, pojo kibaba, bizari ya manjano kidogo, umepikwa hata umelegea kama uji, na juu yake samli ya ng'ombe wake. Siku tatu nilikula hicho tu. Siku ya nne nikainuka. Tangu hapo tukaitana shoga, na katika nyumba ile yote yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza nimeota nini.

"Sisi hatuli nyama," alikuwa ameniambia siku za mwanzo.

Nilimsikia nikamwelewa. Kosa langu ni hilo, kwamba nilielewa upesi. Katika lugha niliyonyonya, nyama ni ng'ombe, ni mbuzi, ni kondoo, na kuku ukitaka kubishana. Samaki ni samaki. Sijapata kumwona mtu wa pwani akitoka sokoni na changu mkononi akasema amenunua nyama. Basi Jumatatu moja, siku ambayo yeye hufunga kutwa na kula mara moja jua likizama, nikasema leo nitamfuturisha shoga yangu. Nikampikia muhogo wa nazi. Tui nilikamua kwa kifumbu mara mbili, la kwanza zito nikaliweka kando. Muhogo ukaiva hata ukapasuka wenyewe. Na ndani yake, ili uwe na ladha, nikavunja kipande cha papa mkavu, kama vidole viwili, kama alivyofanya mama yangu na mama yake. Hakuna aliyepata kukiita kipande hicho nyama. Hakuna hata aliyekiita kitoweo. Kilikuwa kiungo, kama chumvi.

Alifungulia saumu yake kwa sahani ile. Nilimsikia kutoka upande wangu: kikohozi, kisha kutapika, kisha maji yakimwagwa tena na tena. Nikadhani ni homa. Usiku nikamwombea dua. Asubuhi ndipo mkono ulipopita na sahani.

Nikaenda penye pengo.

"Shoga, umeamkaje?"

Nilisikia ng'ombe wake akicheua.

"Shoga, nimekukosea nini?"

"Nilikuambia hatuli nyama."

"Sikutia nyama. Wallahi sikutia."

"Nimekuta ngozi. Katika mdomo."

"Ngozi hiyo si nyama, shoga. Hiyo ni papa. Ni samaki."

"Ana macho?"

"Nani?"

"Papa. Ana macho?"

"Anayo."

"Basi," akasema, na nikasikia nyayo zake zikienda.

Mavyaa wangu alikuwa ameketi na ungo wake hatua tatu kutoka hapo, na neno halikumpita. Alikuwa na sauti iliyozoea kuita watu shambani. Akapeta mchele mara moja, akasema, si kwangu bali kwa ua wa makuti, "Nazi nayo ina macho matatu. Basi tusile nazi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikaa siku nzima nikiitazama sahani ile, na nilipoamka kesho yake nilikuwa nimekata shauri. Nilitaka sahani yangu irudi na kitu ndani. Sikutaka jingine. Ningepika tena Jumatatu, na Jumatatu ya pili, na zote zitakazofuata, hata irudi.

Nilipomwambia haya kupitia pengo, alinijibu mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwenzake njia. "Chungu chako kimekunywa mchuzi wa samaki toka kabla hujaolewa. Utakiosha kwa kitu gani?"

Udongo hunywa, kila mwanamke ajua. Ndiyo sababu chungu cha zamani hupika vizuri kuliko kipya.

Basi nikamngoja mama wa Kigiriama aliyekuwa akipita nyuani na vyungu vyake, vitatu kichwani na kimoja mkononi, ametoka kwao bara alfajiri. Alipoingia kwetu nilimpa maji ya kunywa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataka cha wali ama cha kitoweo?"

"Cha mboga. Mboga tupu, kisipate kuingia kitu kingine."

Akaitazama hina yangu. "Mumeo amekufa?"

"Yu hai. Yuko barazani ashona."

"Basi atakufa."

Alicheka mwenyewe, na mavyaa wangu alicheka naye, jambo lililonichoma zaidi. Lakini alinipa chungu kizuri, chekundu, chenye mdomo mpana, nami nikampa leso moja katika zile za arusi. Kisha akanifunza kukilisha. Chungu kipya, alisema, hupiki mchuzi ndani yake siku ya kwanza. Wakijaza uji mzito wa mtama, wauchemsha polepole, wauacha upoe ndani yake hata asubuhi. "Udongo ushibe uji, mwanangu. Ukishiba hautakunywa mambo yako." Akaninunulisha na fungu la mchunga, mboga ya majani, akanieleza kuwa uchungu wake hutoka katika maji ya kwanza: chemsha, mwaga, kamua kwa viganja kama mtu anayefua kitambaa, ndipo utie nyanya na tui. Namwandika hapa kwa shukrani, maana wengi hupika mchunga bila kuukamua, kisha husema hawaupendi.

Sasa ningeweza kumpikia jirani chungu chake na nyumba nikaipikia samaki kama siku zote. Lakini mavyaa wangu alikuwa na sheria moja asiyoivunja, na ilikuwa sheria nzuri: jirani hapewi tusichokula wenyewe. Kumpa mtu chakula ambacho wewe hukigusi ni kumpa makombo, hata kikiwa moto. Nami nilijijua. Vyungu viwili jikoni mkono husahau, na upawa huhama kutoka huku kwenda kule. Basi Jumatatu ingekuwa chungu kimoja kwa watu wote, na ndani yake kisingeingia chenye macho.

Nilianza na mbaazi, kwa kuwa mbaazi hazimwaibishi mtu. Hurowekwa kavu toka Jumapili. Huchemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, maana chumvi ikitangulia huzikaza ngozi. Zikishalainika ndipo utie kitunguu, bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na tui la pili. Likikaukia, tui la kwanza, zito, nalo ulikoroge bila kuacha, kuelekea upande mmoja, lisije likakatika. Chumvi mwisho. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mbili kamili.

Baada ya magharibi mume wangu aliita kutoka ukumbini. "Mke wangu, nina wageni wawili hapa. Leo kuna kitoweo gani?"

"Mbuzi," nikamjibu.

Nilimsikia akiwaambia wageni, mbuzi, kwa sauti ya mtu aliyeoa vizuri. Nikapitisha sinia. Nikasikia wakifunua kawa juu ya sinia.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Nimemkalia mchana kutwa."

Mgeni mmoja akafahamu, akacheka hata akaomba maji. Mume wangu naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya mbele ya watu. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukitupigia mfano. Watu walipita barazani wakimwuliza kama mbuzi wake amezaa, na kama anamlisha majani au nazi. Fundi mwenzake akamwambia kuwa yeye ndiye mtu pekee Malindi aliyechinja mbuzi asimwage damu.

Alikuja kwangu amekunja uso. "Mke wangu, utani mara moja unatosha. Jumatatu ijayo nataka samaki."

"Jumatatu ijayo ni boga."

"Na ile ya pili?"

"Mchunga."

"Nami nitakula wapi?"

"Hapa hapa, bwanangu. Siku sita ni zako, samaki na kuku na chochote utakacho. Moja hii ni yangu."

Akazihesabu siku kwa kidole gumba juu ya viganja, kama anavyopima urefu wa mkono wa kanzu. "Sita," akasema. Akatoka.

Lakini sahani. Jumatatu ile ya mbaazi niliijaza kabla ya mtu yeyote kula, nikaifunika kawa, nikaipitisha penye pengo jua linazama. "Shoga, chungu ni kipya. Sote twala hiki." Mkono ukaipokea sahani. Asubuhi ikarudi imeoshwa, tupu. Mavyaa wangu, aliyekuwa akichungulia mambo ya watu kwa haki ya umri wake, aliweka jicho kwenye makuti akaniita kwa kidole. Ng'ombe wa Banyani alikuwa amesimama akilamba pua, na pua ilikuwa ya manjano.

"Amenona kwa bizari yako," mavyaa akasema.

"Basi na azidi kunona."

Jumatatu ya boga, ng'ombe. Jumatatu ya mchunga, ng'ombe. Jumatatu ya biringani zilizochomwa juu ya makaa, zikamenywa, zikapondwa na ukwaju na kitunguu kibichi, ng'ombe alizikataa hata yeye, na nikazikuta zimemwagwa chini ya mpapai. Sitasema kuwa sikulia. Nililia nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, na machozi nayo yana chumvi, nikapunguza chumvi ya chungu. Mavyaa wangu hakunifariji. Alinambia tu kuwa tui langu sasa limekuwa zuri kuliko la wifi yangu mkubwa, na mwezi uliopita halikuwa.

Ilikuwa kweli. Mikono yangu ilikuwa imejifunza. Mwanzoni nilipika kama mtu aliyeibiwa. Kila chungu kilikuwa kile cha zamani kilichotolewa papa, na kila mlaji alisikia mahali papa alipokuwa. Kisha nikaanza kuuliza papa alikuwa akifanya kazi gani. Alileta uchachu kidogo: nikatia embe mbichi iliyokatwa na kuanikwa. Alileta harufu ya moshi: nikaacha kitunguu kikauke juu ya kaango hata kikawa na rangi ya karafuu. Alileta kitu cha kutafuna, chenye mafuta, kinachobaki kwenye meno ukaenda nacho kulala. Hicho ndicho kilichonisumbua zaidi, nikakipata katika simsim. Malindi nzima ilikuwa na simsim, magunia yake yalilala mbele ya maduka, nasi tuliitia juu ya mikate tukaisahau. Kaanga konzi mbili bila mafuta hata zianze kuruka, twanga katika kinu bila kuziua kabisa, tia katika boga la nazi wakati unaepua. Utaniambia mwenyewe.

Siku nilipotia simsim kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kupika Jumatatu nane. Alasiri ile, chungu kikiwa motoni, mlango ulibishwa. Mvuvi mmoja, rafiki wa mume wangu toka utotoni, alikuwa amesimama na kolekole wa urefu wa mkono, bado macho yake yang'aa. Mavyaa wangu ndiye aliyefungua, akabaki nyuma ya ubao wa mlango kama ilivyo heshima. Mimi nilikuwa uwani. Nikasema moyoni: leo ndio mwisho wangu. Kolekole wa namna ile harudishwi.

"Shikamoo, mama. Nimemletea mwanao kolekole. Katoka majini sasa hivi."

"Marahaba, baba. Leo siku gani?"

"Leo Jumatatu."

"Jumatatu humu ndani hakiingii chenye macho."

Mvuvi akamshusha kolekole wake. "Mama, hata mimi macho ninayo."

"Ndiyo maana uko nje ya mlango. Lete kesho, na Mungu akuzidishie."

Nimekwisha kusema sauti yake ilikuwa ya namna gani. Ilipita ukumbini, ikapita uwani, ikapita makutini. Na kutoka upande wa pili, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, nikasikia bangili zikigongana, na kicheko kilichozibwa kwa upande wa nguo lakini kikatoka.

Mavyaa wangu alirudi kwenye ungo wake kana kwamba hakufanya lolote. Nikamtazama. "Unanitazamia nini?" akasema. "Nimekwisha zoea kujua Jumatatu nitakula nini. Mtu wa umri wangu hapendi kubadilishwabadilishwa." Kisha akaongeza, taratibu, "Na mtu akianza jambo nyumbani mwangu, sitaki mgeni aje kulivunja na samaki."

Jioni nikapitisha sahani ya boga. Maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa na mwenye nyumba.

Asubuhi ya Jumanne nilitoka uwani kabla ya jua kupanda ukuta. Sahani ilikuwa juu ya kinu, imeoshwa, na ndani yake palikuwa na nazi moja. Ilikuwa imefuliwa makumbi vizuri, imesuguliwa hata ikang'aa, na imewekwa kwa uangalifu mkubwa, macho yake matatu juu. Nilisimama. Mavyaa wangu akaja nyuma yangu akipiga mswaki, akainama, akaitazama nazi, nayo ikamtazama.

"Neno langu limerudi," akasema.

"Ndiyo, mavyaa."

"Basi kaikune, isije ikakonyeza."

Nikakivuta chungu chekundu, ijapokuwa ilikuwa Jumanne na kolekole alikuwa njiani. Nikaivunja nazi, maji yake nikampa mavyaa. Nikaketi juu ya mbuzi. Nilikuwa sijamaliza kifuu cha kwanza sauti ilipopita penye pengo.

"Shoga. Vile vipunje katika boga, ni nini?"

"Simsim."

"Niliviogopa. Nikampa ng'ombe kwanza."

"Naye?"

"Alitaka vyote. Nikamnyang'anya."

Nikaendelea kukuna.

"Jumatatu utatia tena?" akauliza.

"Nitatia."